Omakase ya Mkulima wa Korosho

Hivi karibuni nilialikwa chakula cha jioni katika mgahawa wa Kijapani, Masaki, Dar es Salaam. Tuliandaliwa omakase, mlo maalumu ambao mlaji hachagui: humwachia mpishi aamue, naye hulipa bei iliyokwisha pangwa. Samaki walikuja kipande kimoja kimoja. Ulikuwa mtamu, sikatai.

Lakini mimi ni mtoto wa Kitangari, na mlo wa kupangiwa naujua. Mkulima wetu hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, kisha hungoja. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walithubutu kukataa bei mnadani. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likakabidhiwa kukusanya mzigo, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Bei ilikuwa nzuri. Uchaguzi haukuwa wao tena.

Watetezi wa utaratibu huo husema mkulima alilindwa. Mezani kwetu mpishi alikatia samaki mbele ya macho yetu, na kwa sababu hiyo tulimwamini. Mkulima huoneshwa mikono ya nani? Korosho zake nyingi huondoka ghafi kubanguliwa India na Vietnam, na hesabu ya makato humfikia imekwisha fungwa. Ninadai ifunguliwe mbele yake, kabla ya mnada.