Mstari Unaoamua Pesa Zako Zipite au Zisimame

Unatuma karo ya mtoto saa tano usiku, pesa zinazuiliwa, na unajiuliza: ati sasa mimi ni tapeli? Kabla ya kukasirika, tuone jinsi kompyuta inavyoweza kufikia uamuzi huo.

Kuna mbinu inayoitwa mashine ya vekta tegemezi, ambayo Corinna Cortes na Vladimir Vapnik waliandika kuihusu mwaka wa 1995. Kompyuta hupewa miamala inayojulikana tayari, halali na ya utapeli. Kisha huchora mstari ulionyooka katikati, kama mpaka wa mashamba mawili, na kuacha nafasi pana iwezekanavyo kila upande.

Tuseme kila shilingi 1,000 juu ya kiasi unachotuma kwa kawaida ni alama 1. Kutuma usiku ni alama 3, na kubadilisha laini wiki hii ni alama 5. Mpaka ni 10. Ukituma 6,000 zaidi usiku, una 9: zinapita. Ukituma 8,000 zaidi, una 11: zinasimama. Mwingine ametuma 40,000 zaidi mchana kwa laini mpya. Ana 45, naye amesimamishwa.

Hapo ndipo tuna maoni yetu. Mwenye 11 na mwenye 45 wamepewa jibu moja, lakini si haki kuwashuku sawasawa. Aliye mbali na mpaka azuiliwe mara moja. Aliye karibu apigiwe simu na aulizwe kwanza, maana shilingi elfu mbili tu ndizo zilizomvusha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokuathiri pakubwa. Itumie.

Na usidhani kupita ni cheti cha usalama. Tapeli akikushawishi utume kidogo kidogo mchana, hutafika 10 kamwe.

Jambo la mwisho: miamala iliyo mbali kwenye upande wake haiusogezi mstari. Unashikiliwa na ile iliyo karibu nao na ile iliyoangukia upande usio wake. Kwa hivyo ukizuiliwa bila kosa, au ukiibiwa pesa zikapita, usinyamaze. Ripoti. Taarifa yako ndiyo inayoweza kuurekebisha mpaka kwa ajili ya mwenzako.