Ajali Ina Kinga: Funzo la Simba wa Kericho

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho, akishaipita njia panda ya Londiani, hufika Kedowa. Ni kituo kidogo cha milimani, na barabara yake hupanda na kuteremka kuelekea kwenye mashamba ya chai. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lilimshinda dereva likavamia magari, wachuuzi na wapita njia. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha.

Habari kama hiyo ikitufikia huku pwani, neno la kwanza midomoni mwetu ni lile la siku zote: ajali haina kinga. Twalisema, twawaombea marehemu, kisha kesho twapanda gari na kumsifu dereva anayepaa.

Hebu tumtazame mtu aliyezaliwa katika nchi hiyo hiyo ya Kericho mwaka 1932. Jina lake Joginder Singh, Kalasinga mwenye kilemba ambaye wapenzi wa mbio za magari walimwita Simba wa Kenya. Alishinda mashindano ya Safari mara tatu: mwaka 1965 kwa gari la Volvo, akiwa na nduguye Jaswant, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akiwa na David Doig.

Wazee wetu waliosimama kando ya barabara ya Mombasa kuyatazama magari hayo wanakumbuka vumbi na ngurumo. Lakini vumbi halikumpa Joginder ushindi. Kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani akiwasaidia walioharibikiwa. Alijua gari hufia wapi, na kwa sababu gani, kabla hajaingia Safari yake ya kwanza mwaka 1959.

Matunda ya ujuzi huo yanahesabika. Katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Na msomaji asidhani lilikuwa jambo jepesi, kwani mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza. Mengine yote yalikwama matopeni au kuvunjika njiani. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuja na Porsche yenye nguvu kuliko Lancer ile ndogo. Porsche ikamaliza ya pili.

Hapo ndipo penye funzo. Mtu aliyeishi kwa mbio hakuiachia bahati kazi ya spana. Basi vipi sisi, tusioshindania kombe lolote, tunakubali kupanda gari lenye breki mbovu na magurudumu yaliyokwisha, eti tumtegemee Mungu? Hapana shaka kadari ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kamba ya ngamia wetu leo ni breki.

Joginder alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Hakuwahi kuona Safari ikirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Vijana wetu wameanza tena kuyashangilia magari hayo, na ni haki yao. Tunalowaomba ni kwamba wanapoiga, waige mkono wa fundi kabla ya mguu wa dereva.

Na matajiri wa malori na matatu, tahadhari kabla ya athari. Gari likaguliwe kabla ya kuondoka, si baada ya mazishi. Nasi abiria tubadili sifa zetu: dereva hodari ni yule anayetufikisha.