Wajapani Hawana Kosa, Bibi Tumemnyamazisha Wenyewe



Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, katika baraza zetu za hapa Khuwair ya Kusini, hakosi mtu wa kulalamika kuwa katuni za Kijapani zimewaharibu watoto. Wanamjua Naruto, husema, kuliko wanavyowajua babu zao. Na dawa yao ni moja tu: zifungwe! Mimi nasema hiyo ni dawa ya ugonjwa mwengine.

Kwanza, katuni hizi hazikuja jana. Grendizer alitiwa sauti za Kiarabu huko Lebanon tangu mwisho wa miaka ya 1970, na Kapteni Majid, ambaye kwao anaitwa Tsubasa, akafuata. Wengi wanaolalamika leo, zama hizo walikuwa hawabanduki mbele ya televisheni.

Pili, na hili ndilo khasa: jee, Wajapani wenyewe wamezitoa wapi? Katika mji wa bandari uitwao Sakaiminato palikuwa na bibi kizee, wakimwita NonNonBa, akimsimulia mtoto mdogo habari za mazimwi ya kwao. Mtoto huyo ni Shigeru Mizuki, aliyezaliwa mwaka 1922. Vita vikamkosesha mkono wa kushoto, lakini hadithi za bibi hakuzipoteza. Akazichora. Kitaro wake akaingia katika televisheni mwaka 1968, na leo mji ule una barabara nzima yenye sanamu za mazimwi yale. Hayao Miyazaki naye aliwajaza mizimu wa kwao katika filamu yake Spirited Away ya mwaka 2001, ikachukua tuzo ya Oscar mwaka 2003. Wenzetu hawakuchagua baina ya bibi na televisheni. Walimtia bibi ndani ya televisheni!

Na sisi jee? Hazina tunayo. Edward Steere, mmishionari wa Kiingereza, alizikusanya hadithi za Unguja akazichapisha London mwaka 1870. Mle yumo paa wa Sultani Darai, na yumo Nunda, yule paka aliyekula ndama Sultani akamtetea, akaendelea mpaka akawa mla watu.

Nilipomhadithia mjukuu wangu habari za Nunda, akaniuliza: "Babu, huyo yuko chaneli gani?" Nilicheka, kisha nikaona haya. Nani aliyemnyima? Si Mjapani. Ni sisi, wengi wetu tuliorudi Oman baada ya 1970, tulioona Kiswahili kitamchelewesha mtoto skuli, tukawaambia mabibi wasiseme nao. Bibi akanyamaza. Mtoto akatafuta msimulizi mwengine, akampata kwenye kioo.

Kimya chetu kilianza kama Nunda, kidogo kidogo, na kila mmoja akikitetea. Sasa kinakula watu.

Basi Ijumaa ijayo, badala ya kugombana juu ya televisheni, mkalisheni bibi kati, aseme "Paukwa", nasi tuitikie. Mrekodini kwa simu. Na kijana anayejua kuchora apewe kalamu, atuchoree Nunda. Mabibi wanatuondoka mmoja mmoja. Tukishawazika wote, hapo tutamlaumu nani? Mjapani?