Makofi kwa Uhura, Wino Mwekundu kwa Kashikishi

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, idara yetu hukusanyika ukumbini. Mashairi hughaniwa, hotuba husomwa, na kabla ya chakula taa huzimwa tukaonyeshwa kipande cha tamthilia ya Kimarekani, Star Trek. Luteni Uhura, mwanamke mweusi, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, amesimama kwenye ujia wa chombo hicho akizungumza Kiswahili na baharia mwenzake. Ukumbi mzima hupiga makofi. "Kiswahili kilifika angani mwaka 1966!" husema mshereheshaji, nasi hushangilia tena. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Safari hii sikupiga, na walioketi karibu nami wakaniuliza nina nini. Jibu langu ni hili.

Tunaonyeshwa kipande, hatuonyeshwi hadithi. Sehemu ile inaitwa "The Man Trap". Iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels, na NBC ikairusha usiku wa tarehe 8 Septemba 1966. Ndiyo ya kwanza ambayo Wamarekani waliiona katika tamthilia hiyo, ingawa haikuwa ya kwanza kutengenezwa. Katika sayari M-113 kuna kiumbe, wa mwisho wa aina yake, anayeishi kwa chumvi. Akiikosa, huifyonza kutoka katika miili ya watu, nao hufa. Ili apate kumkaribia mtu, huvaa sura ya yule ambaye mtu huyo anamuwaza. Kwa Daktari McCoy alikuwa mpenzi wake wa zamani. Kwa Uhura aliyejaa upweke akawa kijana mweusi anayesema Kiswahili.

Kwa hiyo yule baharia tunayemshangilia si baharia. Ni lile dubwana lenyewe. Kiswahili pale ni chambo, na kinachomnasua Uhura ni wito wa kurudi kazini, wito uliotolewa kwa Kiingereza.

Atasema mtu: hiyo ni mara moja tu. Haya, tuitazame mara nyingine. Tarehe 29 Septemba 1967 ilirushwa "The Changeling", iliyoandikwa na John Meredyth Lucas. Mtambo uitwao Nomad unafuta kila kitu kilichomo kichwani mwa Uhura. Anapoanza kufundishwa upya kusoma, kama mtoto wa chekechea, Kiswahili kinamtoka mdomoni. Halafu? Anafundishwa Kiingereza mpaka kimrudie, kisha anarudi kwenye kiti chake. Mwanamke huyu kazi yake ni mawasiliano! Analipwa kwa sababu ya masikio na ulimi wake. Lakini katika sehemu hizo mbili Kiswahili ni lugha ya upweke na lugha ya utoto. Kazini hakiingii.

Najua utetezi, na sehemu yake naikubali. Mwaka 1966 haukuwa mwaka mwepesi kwa mtu mweusi Marekani. Ni mwaka uleule Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa na kuipa maneno ya Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, amesimulia jinsi alivyotaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, na jinsi Martin Luther King alivyomsihi abaki kwa kuwa watu weusi walikuwa wanajiona kwake. Simvunjii heshima mama huyo. Alifanya kazi yake, tena kwa maneno aliyopewa na wengine.

Nazungumza na hao waliompa. Hata jina lenyewe tulitazame. Kwa masimulizi ya Nichols, siku ya majaribio alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kilichochapishwa mwaka 1962, kiitwacho Uhuru. Gene Roddenberry alilipenda neno, lakini likaonekana kali mno, likalainishwa likawa Uhura. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda uwindaji, aliyeiandika Kenya kwa macho ya walowezi. Hiyo ndiyo njia neno letu lilikopitia kwenda angani: kwa mkono wa mtu ambaye uhuru huo ulimtia shaka, kisha likakatwa mkia ili lisiwatishe watazamaji. Sisi tunaofundishwa kwamba irabu moja hubadili maana tunalichekea tu.

Kuna kisa kingine cha nyuma ya pazia ambacho nakipenda sana. Kwa kuwa hadithi ilihusu chumvi, watengenezaji walitafuta vichupa vya chumvi vyenye umbo la ajabu, vifanane na zama zijazo. Vilipoletwa wakaogopa kwamba mtazamaji hatavitambua kuwa ni vya chumvi. Wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa Daktari McCoy viwe vifaa vyake vya tiba. Maana yake walikaa, wakajadili, wakahofia kichupa kisieleweke! Kwa Kiswahili sioni dalili ya hofu kama hiyo. Waigizaji wawili Wamarekani walikariri maneno yao, yakasikika kigeni kiasi cha kutosha, basi.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nchelenge. Mama mdogo anauza chisense soko la Kashikishi, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru wanaoanikwa juani. Mteja wake mmoja hutoka Kilwa. (Wanaosoma pwani wasichanganyikiwe. Huku tuna kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa, upande wa Zambia, na tuna mji wa Kilwa ng'ambo, Kongo. Huyu ni wa ng'ambo.) Nikawaonyesha kile kipande kwenye simu. Yule mteja akainamia kioo, akaomba nirudie, nikarudia mara tatu.

"Banasema luga gani?" akauliza.

"Kiswahili," nikamwambia.

Akamtazama mama mdogo, mama mdogo akanitazama mimi. Kisha akaniachia simu yangu, akarudi kwenye la maana: "Mama, hii gunia unauzisha ngapi?" Mama mdogo, ambaye lugha yake ni Kibemba na hajawahi kukaa darasa la Kiswahili hata siku moja, akamtajia bei kwa kwacha, akaigeuza kwa faranga, akakataa kupunguza, akapunguza, akamwuliza habari za mtoto wake mgonjwa, akamwagiza mafuta ya mawese. Yote kwa Kiswahili. Pale hapakuwa na chambo wala utoto, palikuwa na kazi.

Na kazi hiyo ni ya siku nyingi. SADC ilipokipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, mwaka 2019, niliwasikia watu chuoni wakisema sasa Kiswahili kinaingia Zambia. Kinaingia? Livingstone alipolifikia Ziwa Mweru, Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia katika nchi ile. Mwaka huohuo Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, na katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili anazitaja nyara: pembe, shaba, na chumvi. Chumvi hasa! Kiumbe wa M-113 angejiona kwao. Siwapambi wafanyabiashara hao, maana waliondoka na watu pia, wakiwa minyororoni, na wazee wetu hawajasahau. Lakini lugha ilibaki, wavuvi wakaichukua, wakaitumia kwa shida zao wenyewe.

Nikayaandika mazungumzo ya Kashikishi katika insha yangu ya isimujamii, kama nilivyoyasikia. Insha ilirudi imejaa wino mwekundu. Bantu balikuya jana: mstari chini yake. Iko na samaki: mstari. Unauzisha: mistari miwili. Na pembeni, maneno matatu: "Hiki si Kiswahili." Nikapoteza alama sita. Hiyo ba- iliyokatwa ni ya zamani kuliko wa- yetu. Tulijifunza hivyo katika somo la historia ya lugha, chini ya paa lilelile, na wataalamu wa lugha za Kibantu wanaikubali bila ubishi. Hakuna mvuvi aliyeiharibu.

Walimu wangu, shikamooni. Nisameheni nikisema wazi. Ukumbini tunawapigia makofi watu ambao hawakujua wanasema nini, kwa sababu wako Hollywood. Darasani tunamkata alama mtu anayejua vizuri kabisa anasema nini, kwa sababu yuko Katanga. Tungekuwa wakali kwa wote ningenyamaza. Tungekuwa wapole kwa wote ningefurahi. Lakini ukali wetu unafuata pasipoti. Nanyi wenzangu mnaocheka mtu wa Lubumbashi akifungua mdomo korido za bweni, mlitazameni tena jina Uhura mniambie kosa la nani kubwa.

Sisemi kipande kile kichomwe. Kionyesheni mwakani, lakini onyesheni sehemu nzima, dakika zote hamsini, mpaka dubwana lidondoke na Nahodha Kirk abaki akiwaza juu yake. Halafu washeni taa, mweke sauti niliyoirekodi Kashikishi. Ina kelele za injini ya boti na mama mdogo anakohoa katikati, ila kila neno linasikika. Insha nimeirudisha idarani kuomba isahihishwe upya. Bantu balikuya iko palepale.