Imehakikiwa, Halafu?

Juzi redioni mtaalamu mmoja wa TEHAMA aliulizwa ana uhakika gani kwamba programu yake inajua nani atalipa mkopo na nani atakimbia. Akajibu kwa madaha: "Utafiti wetu umetoka kwenye jarida, umehakikiwa na wanataaluma." Mtangazaji akashukuru, ukapigwa muziki. Mjadala kwisha!

Jamani, kuhakikiwa ndiyo nini? Mhariri anapokea mswada, anatafuta watu wawili watatu wa fani hiyo, anawaomba wausome bure. Wanausoma usiku, wamechoka kusahihisha mitihani. Wanauliza mbona jedwali hili halina maelezo, na mbona makala yangu haikutajwa. Kisha: "Ipite baada ya marekebisho madogo." Nani kati yao ameiendesha hiyo programu? Kwa kawaida hakuna. Wamesoma tu sifa za ng'ombe kwenye barua ya muuzaji, zizini hawajafika.

Na hata huko kusoma, hawasomi kwa jicho moja. Mwaka 2014 waandaaji wa NIPS, mkutano mkubwa wa akili bandia, walipeleka miswada 166 kwa kamati mbili, kila moja ikiamua peke yake. Zaidi ya nusu ya miswada iliyopitishwa na kamati moja, ile nyingine iliikataa. Mwenye bahati akapata ukweli.

Najua nitaambiwa, "Bila wahakiki tutaamini WhatsApp." Nani kasema tuamini WhatsApp? Mtu ukihoji mzani wa duka, unaambiwa basi kanunue kwa mwizi!

Wengine watasema matatizo haya ni ya majarida ya kitapeli. Haya. Mwaka huohuo wa 2014, Springer na IEEE, wachapishaji ambao majina yao wahadhiri wetu huyatamka kwa kunyenyekea, waliondoa makala zaidi ya 120 kutoka vitabu vya mikutano. Zilikuwa zimetungwa na SCIgen, programu ya mzaha ambayo wanafunzi wa MIT waliitoa mwaka 2005, inayounga istilahi za kompyuta bila maana yoyote. Aliyezifichua ni Cyril Labbé, mtafiti wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa, na alizinasa kwa kuzipima kwa programu aliyoitengeneza. Yaani alifanya kazi. Mihuri ilikwisha kugongwa zamani.

Tena tusisahau pesa. Mhakiki halipwi. Mwandishi, kwenye majarida mengi, analipishwa kwa dola ili makala yake isomwe na kila mtu. Asipolipa, maktaba ya chuo chake italipishwa kuinunua. Sijui biashara nyingine yenye raha kama hiyo.

Na vyuo vyetu navyo vimenogewa. Mhadhiri akitaka kupanda cheo, kamati inahesabu machapisho yake moja baada ya jingine, inaangalia jina la jarida, inatia saini. Miaka yote hiyo hujasikia mjumbe hata mmoja akisema: hebu tuletee hiyo programu hapa mezani, tuiwashe.