Utajiju Aliniponza Kando ya Reli

Wiki mbili sikuonekana kwenye ukurasa huu, na nasikia wapo waliovumisha kwamba nimeoa kimyakimya. Sijaoa, bwana. Nilikuwa likizo nyumbani Urambo, nalinda mbwa asife. Tulieni niwape mkanda mzima.

Wenzangu wa Dar mkisikia kipupwe mnawaza kile kidude cha ukutani ofisini kwa bosi. Kule Urambo, Julai, kipupwe ni kipupwe kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, alfajiri joto linashuka hadi nyuzi 15 hivi, upepo mkavu, midomo inapasuka, na bibi yangu anajifunga khanga mbili juu ya sweta. Najua watu wa Njombe wananicheka. Chekeni tu.

Sasa pale mjini lipo kundi la vijana, walimu watatu wanne, makarani wa tumbaku, fundi cherehani mmoja, ambao kila Jumamosi saa 12 asubuhi wanatembea kwa miguu kando ya reli kuelekea upande wa Kaliua. Mwenye mbwa anakuja na mbwa wake. Mmoja wao ni Mwislamu wa swala tano. Yeye anatembea upande wa juu ya upepo, mbwa upande wa chini, na hana ugomvi na mtu.

Wazo alilileta mwalimu mmoja aliyesoma Uingereza. Anasema kule wakati wa baridi watu hutoka makundi kwa makundi, makoti hadi magotini, mbwa mbele, wanafuata kijia kando ya mfereji huku theluji imetanda kila mahali. Kijia chenyewe zamani kilikuwa cha farasi, waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba. Sisi mfereji hatuna, theluji ndiyo kabisaa. Lakini njia tunayo. Reli hii Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na kabla ya reli nchi hii ilikuwa ya wapagazi. Wanyamwezi walisubiri mavuno yaishe, kiangazi kianze, ndipo wakabeba frasila mbili mbili, kama kilo 32 kila mmoja, mpaka pwani. Ndiyo maana kiongozi wa kundi wanamwita Kirangozi, kama yule aliyekuwa akitangulia msafara.

Wala msidhani mbwa safarini huku ni mambo ya juzi. Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alikuwa na mbwa wa ulinzi aitwaye Omar, akamfia njiani kabla hata ya Tabora. Mwaka 1874 akarudi na mbwa watano kutoka Uingereza. Hakuna hata mmoja aliyefika naye Atlantiki. Wapagazi ndio waliomfikisha.

Mimi sikwenda kwa ajili ya historia. Nilikwenda kwa ajili ya binti mmoja karani wa chama cha msingi, yule anayeandika marobota ya tumbaku sokoni. Kila nikipita ofisini kwao ananiita "kaka mwandishi", na hilo neno kaka lilikuwa linaniuma. Nikasikia Jumamosi anatembea na kundi. Nikamfungua mbwa wa mama.

Mbwa huyo anaitwa Utajiju. Mama alimpa jina hilo baada ya kugombana na jirani, msiniulize zaidi. Tangu azaliwe, Utajiju anajua mambo mawili: mnyororo mchana, uani usiku. Hajawahi kutembezwa. Nikamfunga kamba ya katani shingoni, nikatoka naye kama mtu aliyezoea.

Na kwa kweli ilikuwa raha. Umande kwenye nyasi kavu, moshi mtupu ukitoka midomoni mwetu, mbwa saba wanakimbizana mbele. Binti akaja upande wangu, akaomba ashike kamba. Nikampa. Tukaongea kama nusu saa, na lile kaka likawa limepungua.

Ndipo treni ya mizigo ikaja. Tulikuwa pembeni, mbali na njia yake, lakini dereva akapiga honi. Utajiju hajawahi kuiona treni kwa karibu. Aliruka, kamba ikamzunguka binti miguuni, binti akavuta, mbwa akageuka akamng'ata kwenye shavu la mguu. Meno mawili, damu ikachuruzika.

Kirangozi hakupiga kelele. Alinitazama akauliza neno moja tu: "Kadi?"

Wajameni, hapo ndipo mtu mzima nilinywea. Bwana mifugo alikuwa amepita mtaani mwaka jana na kipaza sauti, leteni mbwa wachanjwe kichaa. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo. Nilikuwa nasikiliza Simba na Yanga redioni, nikamwambia mama nitampeleka kesho. Ningeweza kudanganya kwamba kadi ipo kabatini. Nilifikiria, nakiri. Nikamtazama yule binti, anatetemeka, sijui baridi au hofu, nikasema: "Hana."

Hakuna aliyenijibu. Tukamshika mkono mpaka nyumba ya jirani, mama mmoja akatupa ndoo na kipande cha sabuni. Mwalimu akatoa saa: dakika 15, maji yanamwagika, sabuni, sugua, mwaga tena. Watu wanadharau sabuni, wanakimbilia vitunguu na dawa za miti. Virusi vya kichaa vinaingia na mate, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna daktari wa kumrudisha. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya dalili. Tukaenda hospitali siku ile ile. Sindano ya kwanza leo, ya pili siku ya 3, nyingine siku ya 7 na kuendelea. Zile hadithi za kuchomwa tumboni kuzunguka kitovu ni za chanjo za zamani, alichomwa begani. Nililipa mimi. Likizo ikaishia hapo kimfuko.

Bwana mifugo akaniambia mbwa asiuawe, wala asichanjwe kwanza. Afungwe peke yake, aangaliwe siku 10. Kama alikuwa na kichaa alipong'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akizimaliza mzima, hakumwambukiza mtu.

Nyie mnajua siku 10 zilivyo ndefu? Niliandika kwenye daftari: siku ya 1 kala ugali na dagaa. Siku ya 2 kanywa maji. Siku ya 4 hakula asubuhi, nikakaa chini nje ya banda sina nguvu, kumbe mama alishampa makombo ya usiku. Kila jioni nilipita ofisini kwa binti na daftari langu. Hakunikaribisha kiti. Alisoma ukurasa, akaugonga kwa kalamu kama anavyogonga fomu za tumbaku, akasema, "Haya, kesho." Siku ya 6 aliniuliza kama usiku nalala. Nikasema hapana. Akasema, "Na mimi."

Siku ya 11 nilisikia hodi alfajiri, baridi ile ile. Alikuwa yeye, sweta mpaka masikioni, mguu una plasta. Hakuniuliza hali. Alipita moja kwa moja bandani, akamtazama Utajiju aliyekuwa anatingisha mkia kama si yeye aliyeleta kasheshe lote.

"Leta kamba," akasema. "Ile fupi."

Tukampeleka kwa bwana mifugo, watatu. Binti alishika kichwa, mimi miguu. Bwana mifugo alipofika kwenye jina la mbwa akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akavua miwani. Kadi ninayo hapa mezani ninapoandika.

Kaka hajaniita tena. Bado sijaambiwa ananiita nani.