Uwanja Ubaki Mjini

Wapo wanaodai kwamba Arua, iliyopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, yafaa ijengewe uwanja mpya wa mpira nje ya mji, penye ardhi pana. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Uwanja wa Nakivubo jijini Kampala, uliofunguliwa mwaka 1926, ulibomolewa mwaka 2017 ukajengwa upya papo hapo, karibu na vituo vya mabasi. Kama ungalihamishwa, watazamaji waendao kwa miguu wangaliukosa. Vivyo hivyo, uwanja wa Arua ukipelekwa mbali, shabiki atokaye Koboko atalipa nauli ya basi, kisha ya bodaboda. Mwanafunzi asiye na nauli atabaki nyumbani. Basi, na ukarabatiwe uliopo.